Karatasi Isiyo na Namba

Kwenye masjala ya kliniki, jalada la mgonjwa huwa na mambo mawili. Ndani mna karatasi. Juu, mara nyingi, pana orodha ya mkono inayosema ni karatasi zipi zimo. Karatasi ya majibu ya maabara hubeba namba ya mgonjwa kwenye kona yake. Siku jalada likianguka na karatasi zikatawanyika sakafuni, karani hahangaiki na ile orodha ya juu. Huokota karatasi moja moja, akasoma namba, akairudisha kila moja mahali pake. Karatasi isiyo na namba haina kwao, hata kama imetajwa mara tatu juu ya jalada.

Mkasa huohuo huzikumba programu za kompyuta, ila humo hakuna sakafu ya kuonyesha kilichodondoka.

Programu nyingi za hospitali, benki na shule huandikwa kwa lugha za objekti kama Java na PHP, ilhali data yake hukaa kwenye majedwali ya SQL. Katikati husimama kioanishi, maktaba inayogeuza objekti kuwa mistari ya jedwali na mistari kuwa objekti: Hibernate kwa Java, Doctrine kwa PHP, SQLAlchemy kwa Python. Hibernate na Doctrine hutaka kila uhusiano wa pande mbili uwe na upande mmoja ulio mmiliki na mwingine ulio akisi, yaani kioo cha ule wa kwanza. Msimamo wa safu hii ni kwamba neno hilo, mmiliki, limepotosha watu wengi kuliko ugumu wa kanuni yenyewe. Humfanya mtu atafute upande mkubwa, upande wa mzazi, upande wenye hadhi, wakati kinachotafutwa ni upande wenye safuwima ya ufunguo wa kigeni. Mmiliki ni karatasi yenye namba. Jalada, pamoja na unene wake wote, ni akisi.

Chanzo cha jambo hili kiko kwenye jedwali. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM mjini San Jose, California, alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za majedwali. Moja ya kanuni zilizotokana na kazi yake ni kwamba kisanduku kimoja cha jedwali hushika thamani moja. Mstari wa hudhurio la mgonjwa hauwezi kubeba vipimo ishirini ndani ya kisanduku kimoja. Basi uhusiano huandikwa upande wa vipimo: kila mstari wa kipimo hubeba namba ya hudhurio lake kwenye safuwima kama hudhurio_id. Ni mahali pamoja tu. Hifadhidata haijui kitu kinachoitwa orodha ya vipimo vya hudhurio. Orodha hiyo hupatikana kwa kuuliza ni mistari ipi ya vipimo iliyoandikwa namba ya hudhurio hilo, tuseme 4175.

Lugha za objekti hazina kizuizi hicho. Objekti ya hudhurio inaweza kushika orodha ya vipimo vyake, na kila kipimo kikashika hudhurio lake, kwa wakati mmoja. Ukweli mmoja umeandikwa mara mbili, na kilichoandikwa mara mbili kinaweza kupingana. Hudhurio linasema, kipimo hiki ni changu. Kipimo kinasema, sina hudhurio. Kioanishi kinapofika kuandika kina safuwima moja na majibu mawili, na hakina budi kumwamini mmoja wao. Waliokibuni waliamua aaminiwe yule anayefanana na jedwali.

Uamuzi huo una historia yake. Katika EJB 2.0, kiwango cha Java cha mwaka 2001, seva yenyewe ilishika jukumu la kuoanisha pande mbili: ukibadilisha moja, ya pili hubadilika. Gharama yake ilikuwa klasi nzito, zilizofungwa kwenye seva, ambazo watu wengi walizichoka. Mwaka huohuo Gavin King alianza Hibernate, iliyokubali klasi za kawaida za Java, na kwenye faili zake za XML kukawa na sifa fupi iliyoandikwa inverse="true": upande huu ni kioo, usiuandike. JPA, kiwango cha Java cha kuoanisha objekti na majedwali, ilipotoka Mei 2006 ilichukua wazo hilo na kulipa jina jipya, mappedBy, na waraka wa kiwango ukaeleza bayana kwamba kulinganisha pande mbili kwenye kumbukumbu ni kazi ya mtengenezaji programu. Waraka ulikwenda mbali zaidi. Kwenye uhusiano wa mmoja kwa wengi, upande wa wengi lazima uwe mmiliki, ndiyo maana alama ya ManyToOne, inayowekwa upande huo, haina hata nafasi ya kuandika mappedBy. Mtu anayejua hilo peke yake hawezi tena kubahatisha.

Afrika Mashariki ina mfano wa wazi wa kanuni hii ikifanya kazi ya maana. Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, ulianza kutumika mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access. Mpango wa matibabu ya VVU wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana ulipopanuka, Access haikutosha, na kuanzia mwaka 2004 ukajengwa mfumo mpya, OpenMRS, kwa Java na Hibernate. Eldoret ndiko ulikoanza kutumika mwaka 2006, na Rwanda ikafuata mwaka huohuo. Ndani yake jedwali linaloitwa obs, la vipimo na maelezo ya daktari, hubeba safuwima encounter_id inayolielekeza kwenye hudhurio. Jedwali la namba za wagonjwa, patient_identifier, hubeba patient_id. Kwa miaka mingi faili zake za kuoanisha zimekuwa na inverse="true" kwenye orodha ya vipimo vya hudhurio na kwenye orodha ya namba za mgonjwa. Mgonjwa, ambaye mfumo mzima umejengwa kwa ajili yake, ni upande akisi wa namba zake mwenyewe. Anayesoma hapo kwa macho ya hadhi atadhani pamekosewa. Anayesoma kwa macho ya safuwima ataona pako sawa kabisa.

Kasoro yenyewe hutazamwa vizuri zaidi kwa karibu. Chukua klasi mbili, Hudhurio na Kipimo. Hudhurio lina orodha vipimo, yenye mappedBy = "hudhurio" na ruhusa ya kuhifadhi watoto pamoja na mzazi. Mtengenezaji programu anaandika mistari mitatu: anaunda kipimo cha sukari, anaita hudhurio.getVipimo().add(kipimo), anahifadhi hudhurio. Hakuna kosa linalotokea na muamala unakamilika. Lakini SQL iliyotumwa ni INSERT kwenye jedwali la kipimo ikiwa na jina, thamani, na NULL mahali pa hudhurio_id. Kipimo kimeingia, sukari yake ipo, ila hakuna anayejua ni ya nani. Badili mstari wa kati uwe kipimo.setHudhurio(hudhurio), kisha hifadhi kipimo chenyewe, na 4175 itakaa mahali pake hata kama orodha ya hudhurio haikuguswa.

Kinachofanya kasoro hii iishi muda mrefu ni kwamba haionekani siku inapozaliwa. Kioanishi huweka objekti zote za kikao kimoja kwenye kumbukumbu, na ukiliomba tena hudhurio ndani ya kikao hicho utapewa objekti ileile uliyoishika, na orodha yake uliyoijaza kwa mkono wako. Jaribio linahesabu vipimo, linapata kimoja, linapita. Skrini inaonyesha kipimo. Kesho yake kikao kingine kinafunguliwa, orodha inasomwa upya kutoka kwenye jedwali, na kipimo hakipo. Muuguzi anadhani maabara haikuleta majibu. Maabara inaapa kwamba iliyaingiza. Wote wawili wanasema kweli.

Kutokana na hali hiyo watu wengi hufikia hitimisho lisilo sahihi kwamba upande akisi haufanyi kitu chochote. Hufanya. Kusambaza amri za kuhifadhi au kufuta kutoka kwa mzazi kwenda kwa watoto ni jambo jingine kabisa, lenye mpangilio wake, na hufuata orodha hata orodha hiyo ikiwa akisi. Ndiyo maana kwenye mfano wa juu kipimo kiliingia: orodha ilikisafirisha hadi kwenye jedwali, ila haikuwa na mamlaka ya kukiandikia namba. Vivyo hivyo kwa kuondoa. Ukikitoa kipimo kwenye orodha na usiguse kingine, hakuna kinachobadilika, na kesho kitarudi kana kwamba hakikuondolewa. Lakini ukiwa umewasha orphanRemoval, iliyoingia JPA 2.0 mwaka 2009, kukitoa kwenye orodha kutaufuta mstari wake kabisa. Anayechanganya umiliki na usambazaji huishia kwenye moja ya misiba miwili: data inayokataa kuondoka, au data inayofutwa bila mtu kukusudia.

Kuna hali ya tatu inayostahili kutajwa, kwa sababu huwafika hata wazoefu. Mtu anaagiza kipimo kifutwe moja kwa moja, lakini anakiacha ndani ya orodha ya hudhurio. Wakati wa kusukuma mabadiliko, Hibernate ikitumiwa kupitia JPA hupita kwenye orodha, hukikuta kipimo, na kwa kuwa orodha ina ruhusa ya kuhifadhi watoto, huichukulia kama amri mpya ya kukitunza na kubatilisha ile ya kukifuta. DELETE haitumwi. Hakuna onyo. Hili ndilo jibu kwa wale wanaosema kwamba, maadamu mmiliki peke yake ndiye anayeandikwa, upande akisi unaweza kuachwa vyovyote. Mmiliki huamua nini kinaandikwa kwenye safuwima. Pande zote mbili huamua kama programu inaona ukweli mmoja.

Wengine hukimbia tatizo kwa kuifuta mappedBy. Kwa dakika chache dawa hiyo huonekana imefanya kazi. Kilichotokea ni kwamba uhusiano mmoja umegeuka kuwa miwili isiyojuana. Kwenye JPA, orodha isiyo na mappedBy wala safuwima iliyotajwa hupewa jedwali lake la kati, na ghafla hifadhidata ina Hudhurio_Kipimo, jedwali lisiloombwa na yeyote, huku hudhurio_id ikibaki kwenye kipimo na kusema jambo lake. Wakiitaja safuwima kwenye orodha, Hibernate huingiza kila kipimo kisha huja mara ya pili kukiandikia namba: vipimo 20 huzaa INSERT 20 na UPDATE 20, mahali ambapo INSERT 20 zingetosha. Kosa jingine la jamaa hii ni kuandika jina la safuwima ndani ya mappedBy. Thamani yake ni jina la sehemu ndani ya klasi ya pili, hudhurio, wala si hudhurio_id. Hili, kwa bahati nzuri, Hibernate hulikataa mara programu inapowashwa.

Kwenye uhusiano wa wengi kwa wengi mambo hubadilika kidogo. Tuseme wahudumu na vituo vya afya, mhudumu mmoja kwa vituo kadhaa na kituo kimoja kwa wahudumu kadhaa. Hapa hakuna upande wenye safuwima. Safuwima zote mbili zimo kwenye jedwali la kati, na mtengenezaji programu huchagua mmiliki mwenyewe. Uchaguzi mzuri ni upande ambao shughuli ya kila siku hubadilishia uhusiano. Kama ofisi ya utumishi humfungua mhudumu na kumpangia vituo, mmiliki awe mhudumu. Ila uchaguzi huu una hatari yake. Ukimwongeza mhudumu upande wa kituo, ulio akisi, hakuna mstari wowote utakaoingia kwenye jedwali la kati, hata wenye NULL. Hakuna karatasi isiyo na namba ya kuokota. Karatasi yenyewe haikuchapwa. Watumiaji wa Doctrine hukutana na hili mara kwa mara kwenye fomu za wavuti, pale fomu inapojaza orodha ya upande akisi na ukurasa ukajibu kwamba imehifadhiwa.

Je, ni lazima iwe hivi? Vioanishi vingine vimepita njia tofauti. Django huruhusu ufunguo wa kigeni uandikwe upande mmoja tu, ule wa wengi, na upande wa pili hupewa kitu kinachouliza hifadhidata badala ya orodha inayokaa kwenye kumbukumbu. Ukiongeza kupitia hapo, UPDATE hutumwa papo hapo. SQLAlchemy, ukiiunganisha kwa back_populates, hubadilisha upande wa pili mara tu unapogusa wa kwanza. Entity Framework ya Microsoft nayo hurekebisha pande zote mbili inapochunguza mabadiliko. Kwa maoni ya safu hii, hao wamemtendea mtumiaji wema zaidi. Lakini mifumo mingi ya Java na PHP inayofanya kazi sasa haitaandikwa upya kwa sababu hiyo, na hata anayetumia Django atakutana na jedwali lilelile, na safuwima ileile moja.

Dawa ya kwanza ni mlango mmoja. Klasi ya Hudhurio iwe na mbinu moja, tuseme ongezaKipimo, inayofanya mambo mawili kwa pamoja: inakitia kipimo kwenye orodha na inakiambia kipimo hudhurio lake ni lipi. Iwepo na ondoaKipimo inayoyatengua yote mawili. Kisha getVipimo irudishe orodha isiyoweza kubadilishwa, ili anayejaribu kupenya dirishani akutane na kosa palepale. OpenMRS hufanya hivyo kwa sehemu: mbinu yake ya kuongeza kipimo kwenye hudhurio hukiwekea kipimo hudhurio hilo, na ile ya kumwongezea mgonjwa namba huiambia namba mgonjwa wake. Mwandishi wa moduli anayepita mlango huo hahitaji kukumbuka nani ni mmiliki.

Dawa ya pili ni NOT NULL. Kama kipimo hakiwezi kuwepo bila hudhurio, hifadhidata ndiyo iseme hivyo, na ile INSERT yenye NULL ikataliwe siku ya kwanza mbele ya aliyeiandika. Inashangaza ni mara ngapi safuwima hizi huachwa wazi kwa hofu kwamba zitaleta usumbufu. Usumbufu huo ndio unaotakiwa. Sambamba na hilo, jaribio lolote la uhusiano lisukume mabadiliko, lisafishe kikao, ndipo lisome tena. Bila hatua ya kusafisha, jaribio linaisoma kumbukumbu yake lenyewe.

Na kuna dawa ya tatu ambayo wengi huikataa mwanzoni: usiweke upande akisi kabisa mpaka utakapouhitaji. Objekti ya kituo cha afya haina sababu ya kushika orodha ya wagonjwa wake wote. Kwenye Hibernate, orodha hiyo ikiwa ya aina ya Set, kumwongeza mgonjwa mmoja kunaweza kuilazimisha programu ipakie maelfu waliomo, ili tu ihakikishe huyo mpya hajirudii. Swali la SQL lenye kichujio na kurasa hufanya kazi hiyo bila mzigo. Klasi ya mgonjwa ya OpenMRS inashika namba zake, ambazo ni chache, lakini haishiki orodha ya mahudhurio yake. Hayo huombwa kwa huduma nyingine inayouliza hifadhidata. Pale upande akisi unapokosekana, hakuna kinachoweza kupingana na mmiliki, na somo lote hili hupungua kuwa mstari mmoja wa msimbo.

Mwenye mfumo unaofanya kazi tayari asingoje malalamiko ya muuguzi. Afungue mradi wake leo, atafute kila palipoandikwa mappedBy, na kwa kila pahali aende kwenye jedwali la upande wa pili aulize: SELECT COUNT(*) FROM kipimo WHERE hudhurio_id IS NULL. Kwenye majedwali ya kati, ambako hakuna NULL ya kuhesabu, asome msimbo na kuthibitisha kwamba kila nyongeza inapitia kwa mmiliki. Hesabu ikirudi juu ya sifuri, mahali ambapo kanuni za kazi haziruhusu NULL, kila mstari uliohesabiwa ni majibu ya mtu fulani, na kazi ya kumtafuta mwenyewe ianze kabla kumbukumbu za maabara za siku hiyo hazijafutwa.